Mama wa Guntur anakuja harusini, na mimi sili pilipili

BARUA

Shikamoo mama,

Mimi ni kijana wa miaka 29, mzaliwa wa Makorora hapa Tanga, nafanya kazi ya uhasibu mjini. Mungu akipenda nafunga ndoa Desemba. Ninalotaka kukueleza mwingine ataliona dogo, lakini mimi limeninyima usingizi wiki ya tatu sasa.

Kuanzia 2018 hadi 2021 nilisoma Hyderabad, India. Hosteli nilipangiwa chumba kimoja na kijana wa Kihindu kutoka Guntur, jimbo la Andhra Pradesh. Guntur ndiko kwenyewe kwa pilipili. Soko lao la pilipili kavu ni miongoni mwa makubwa Asia nzima. Siku ya kwanza tulipokwenda kula pamoja alinionya, "Chakula cha kwetu kikali, utakiweza?" Nikajitapa kwamba sisi watu wa pwani tumekulia pilipili mbuzi. Haikuwa kweli. Nyumbani pilipili ilikaa kwenye kibakuli pembeni ya sinia, anayetaka anachovya, na mimi sikuwa mchovyaji. Tonge la kwanza la wali na chatini ya gongura, yale majani ya choya yaliyosagwa na pilipili, liliniziba masikio. Machozi yakanitoka. Nikasema, "Tamu." Rafiki yangu akanipiga begani kwa furaha, na tangu siku hiyo nikawa yule Mwafrika anayewashinda wenyeji kwa pilipili. Alinitembeza kwa ndugu zake akinisimulia.

Machi 2020 chuo kikafungwa kwa ajili ya korona. Rafiki yangu akasema twende kwao siku chache. Tarehe 25 nchi nzima ikafungwa, na siku chache zikawa miezi miwili na nusu. Mama yake alinipokea kama mwanawe. Aliniita "babu", ambalo kwa Kitelugu ni neno la kumwitia kijana kwa mapenzi, nami nikawaeleza kwamba kwetu babu ni mzee mwenye mvi. Tulikula chini, kwa mkono, kama nyumbani. Alikuwa akinisimamia na upawa akisema "inka konchem", kidogo tena, na mimi nasogeza sahani. Neno lao la kusema inatosha ni "chaalu". Nililijua. Sikuwahi kulitamka mbele yake.

Kisha Ramadhani ikaingia, mwishoni mwa Aprili, na joto la Guntur wakati huo linapanda mpaka nyuzi 40 na zaidi. Yule mama si Mwislamu na hakuna aliyemwomba lolote. Lakini kila usiku saa tisa alikuwa jikoni ananipikia daku. Nyama aliacha kuipika mwezi mzima ili nisiwe na wasiwasi na vyungu vyake. Sasa mama, mtu ameamka saa tisa kwa ajili yako, amekuwekea wali, dengu, samli na achari ya embe wanayoiita avakaya, nyekundu tupu kwa pilipili. Utamwambia nini? Nilikula. Juu yake nilimezea diklofenaki ya goti nililoumia mpirani, nikalala. Kutwa nilishinda na moto tumboni bila tone la maji. Nilichokuwa nakingoja ni mwisho wa kila mlo, maana wao humalizia na wali uliochanganywa na mtindi. Huo niliupenda kwa dhati na naupenda mpaka leo.

Nilirudi Tanga 2021. Mwaka uliofuata nikaambiwa nina vidonda vya tumbo. Nikapewa vidonge vya kupunguza asidi, ambavyo hadi sasa nameza hali ikinizidia, na pilipili nikaiacha kabisa. Na kila msimu wa embe ukipita yule mama ananitumia chupa mbili za avakaya kupitia wanafunzi wanaorudi likizo. Nampa jirani yetu anayekaanga pweza jioni, na wateja wake sasa wanaifuata achari hiyo kutoka Chumbageni. Mimi naandika ujumbe: "Mama, imeisha ndani ya wiki."

Nimewaalika harusini, na wanakuja, yeye na mwanawe. Watakaa kwetu siku kumi. Amesema siku mbili kabla ya ndoa atawapikia wazazi wangu daku ile ile, waone mtoto wao alikula nini alipokuwa mbali. Pilipili ameshazisaga.

Mama yangu mzazi anasema hao ndio walioniharibu tumbo, na hataki kuziona pilipili hizo jikoni kwake. Mchumba wangu anajua yote. Anataka niseme kabla hawajapanda ndege, la sivyo atasema yeye. "Ukimficha mama aliyekuamkia daku, mimi utanificha mangapi?" Nikisema, yule mama ataona kila tonge alilonilisha lilikuwa uongo. Nisiposema, nitakaa mkekani nile tena, na safari hii mbele ya wazazi wangu. Nifanyeje?

Mwanao, Tanga


JIBU

Marahaba mwanangu.

Barua yako niliisoma jana usiku nikairudia leo asubuhi, na mara zote mbili nilikwama pale pale: saa tisa za usiku, mwanamke asiyefunga amewasha jiko kwa ajili ya mtoto wa mwanamke mwenzake anayefunga. Kwanza nimshukuru yeye, kabla sijasema lolote juu yako.

Nikikuelewa vizuri, una watu wanne mbele yako. Mama wa Guntur, unayeogopa kumvunja moyo. Rafiki yako, aliyekusimulia kwa watu miaka yote. Mama yako mzazi, anayemdai mgeni tumbo la mwanawe. Na mchumba wako, anayeuliza jambo ambalo mimi sidhani linahusu pilipili. Wote watakutana Makorora kwenye jiko moja, siku mbili kabla ya ndoa. Usingizi haukukimbia bure.

Unaandika kama vile umesema uongo mmoja, mrefu. Mimi nausoma kama mambo matatu tofauti, na ningependa uyapime kila moja kwa uzito wake. La kwanza ni kujitapa hosteli; hapo hapakuwa na adabu ya ugeni, ulikuwa ujana tu, na mliokutana hapo ni vijana wawili. La pili ni kunyamaza mbele ya daku. Hilo mimi nashindwa kuliita uongo. Umelelewa kwamba mgeni hachagui chakula wala hakiumbui, na yule mama naye amelelewa kwamba mgeni hasimami na njaa. Mlikuwa mnatendeana adabu, kila mmoja kwa ya kwao. La tatu ni ule ujumbe wa kila mwaka, "imeisha ndani ya wiki." Hapo hukuwa mkekani, upawa haukuwa juu yako. Ulikuwa Tanga, na simu mkononi. Nadhani ndilo linalokuamsha usiku, lakini wewe ndiye ujuaye.

Sasa niulize jambo. Una hakika gani kwamba yule mama hajui?

Mtu anayelisha hutazama. Jasho lako alikuwa analiona. Machozi aliyaona. Aliona wali wa pilipili unakwenda polepole na wali wa mtindi unakwenda mbio. Jaribu kukumbuka: hakuwahi kukuongezea mtindi kabla hujauomba? Kiini cha ukali wa pilipili, kapsaisini, hugusa kile kipokezi cha neva ambacho kazi yake ni kuhisi joto la kuunguza, ndiyo maana mdomo unaamini kweli unaungua. Mmarekani David Julius, aliyekigundua kipokezi hicho, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2021 pamoja na mwenzake. Kapsaisini haiyeyuki kwenye maji, huyeyuka kwenye mafuta, kwa hiyo maji huitembeza tu mdomoni, ilhali maziwa na mtindi huishika. Wale wanawake wa Andhra hawakungoja maabara kulijua hilo. Mpishi anayekuwekea mtindi mwisho anajua alichokulisha mwanzo.

Sisemi kwamba alijua yote. Huenda alikuona mwanafunzi, kama anavyomwona mtoto yeyote wa kwao. Watoto kule hawaanzi na avakaya. Huanza na dengu laini na samli, ukali unaingia kidogo kidogo kadiri wanavyokua. Na pilipili zenyewe si za asili ya India. Zilitoka Amerika, zikaletwa na Wareno katika karne ya 16, Wareno hao hao waliopita na kutawala pwani hii yetu. Kabla ya hapo jiko la India lilitafuta ukali kwenye pilipili manga na tangawizi. Kwa hiyo hata Guntur kuna bibi wa zamani aliyeonja mara ya kwanza masikio yakamziba kama yako. Nakueleza hili kwa sababu barua yako ina aibu ya mtu aliyefeli mtihani ambao wenziwe walizaliwa wanaujua. Hawakuzaliwa wanaujua.

Nije kwenye tumbo, maana hapa nimepata wasiwasi wa mzazi.

Mama yako anaamini pilipili za Guntur ndizo zilizokutoboa. Wengi tunaamini hivyo, nami niliamini hivyo muda mrefu. Lakini waganga wawili wa Australia, Barry Marshall na Robin Warren, walionyesha miaka ya 1980 kwamba bakteria aitwaye Helicobacter pylori ndiye chanzo kikubwa cha vidonda vya tumbo, wakatunukiwa Nobel mwaka 2005. Bakteria huyo yupo kwetu pia, mtu anaweza kumpata utotoni na kuishi naye bila kujua. Chanzo kingine kikubwa ni dawa za maumivu za jamii ya diklofenaki na ibuprofeni. Pilipili inaweza kukiwasha kidonda kilichopo na kukuletea kiungulia kikali, lakini si yenye kukichimba. Na wewe mwenyewe umeandika, katikati ya sentensi, kama jambo dogo, kwamba ulikuwa unameza diklofenaki usiku na kufunga mchana kutwa. Sikutibu kwa kalamu, mwanangu. Nakuomba uende hospitali, umtajie daktari dawa ile ya goti, na uulize kama ulishapimwa bakteria huyo, kwa choo au kwa pumzi. Mweleze pia vidonge vya asidi unavyomeza, kwa sababu baadhi yake huweza kumficha bakteria kwenye kipimo. Akionekana, kuna tiba ya dawa kadhaa ya wiki mbili hivi. Miaka ya kuishi na vidonge hali ikizidi, bila kujua chanzo, ni mingi.

Nina sababu ya pili ya kulitanguliza hili. Katika njia unazoweza kupita, iliyo nyepesi kuliko zote ni kusema, "Mama, daktari amenikataza pilipili." Ni kweli, na haimwaibishi mtu. Lakini fikiria atakavyoisikia. Mwanamke aliyekulisha avakaya mwezi mzima anafika Tanga, anaambiwa una vidonda vya tumbo, na pembeni yuko mama yako kanuna. Hesabu ataifanya mwenyewe, na ataifanya vibaya. Atarudi Guntur akiamini alikudhuru usiku ule ule aliodhani anakutunza. Ukipita njia hii, basi majibu ya kipimo yawe mkononi, na mama yako awe ameyasikia kabla ya mgeni.

Njia nyingine ni kuanza na rafiki yako, kwa simu, mapema. Yeye ndiye uliyejitapa mbele yake, na vijana husameheana mambo ya vijana. Nayo ina hatari yake: anaweza kujiona alifanywa mjinga mbele ya ndugu zake, au akakimbilia kumwambia mama yake kwa maneno yake, jioni, mbele ya watu, kabla hujajipanga. Ukimwambia, mwambie pia ungependa nani amweleze mama na lini.

Au umweleze mama mwenyewe, akishafika, jikoni, mkiwa wachache. Hapo ataiona sura yako, na sura husema ambayo ujumbe hausemi. Ila nyumba ya harusi haina faragha, na Kitelugu chako naona ni cha mezani. Itabidi mwanawe atafsiri. Kuna maneno hupoteza upole yakipita kinywa cha tatu.

Na kunyamaza nako ni njia, usidhani nitakuficha. Ule kidogo, umshukuru, aondoke na furaha. Watu wengi wema hufanya hivyo. Nami nilifanya. Mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, alinipa chai ya tangawizi kali kila alfajiri kwa miaka sita kwa sababu siku ya kwanza nilisema tamu. Alifariki sijamwambia. Mpaka leo sijui kama nilimheshimu au nilimnyima nafasi ya kunijua. Kwako kuna na tumbo la kuhesabu, na jirani mkaanga pweza, ambaye hawezi kuona chupa ile mikononi mwa mgeni akanyamaza.

Yule jirani usimwone kama ushahidi dhidi yako, lakini. Mama wa watu anakata embe mbichi, anasaga haradali na pilipili, anaona vikisafiri bahari, kumbe Tanga kuna foleni jioni ya watu wanaopigania achari yake na pweza wa moto. Sijui atalipokeaje. Najua mimi ningependa kulijua.

Mchumba wako nimemwacha nyuma kwa makusudi. Kauli yake ina ukali, na hilo la kusema "nitasema mimi" lingeniumiza kama mzazi, kwani siri ya mtu na mama yake si ya kutolewa na mwingine. Unaweza kumwambia hivyo, kwa upole. Ila swali lake lisikupite. Amekuona ukimeza kitu kinachokuunguza na kutabasamu, na anaingia nyumba moja na wewe. Anauliza siku atakapokupikia kitu usichokitaka, au atakapokutendea jambo lenye kukuumiza, atajuaje? Hilo umjibu yeye, si mimi, na umjibu bila kumtaja mtu wa Guntur.

Nimalizie jikoni kwa mama yako. Ile dengu uliyokula na samli, wanayoipika nzito bila pilipili na kuiita mudda pappu, ni mbaazi zilizokobolewa na kupasuliwa. Mbaazi hizi hizi tunazozilaza kwenye tui tukala na maandazi asubuhi. India hununua nyingi kutoka Tanzania. Huenda ulikula mbaazi za kwetu Guntur pasi na kujua. Mudda pappu, samli, wali, kisha wali wa mtindi: hicho nacho ni chakula chake, tena umekipenda kweli, na unaweza kumwomba bila kusema neno ambalo si kweli. Achari ikakaa kibakulini pembeni ya sinia, kama kwenu. Akikusimamia na upawa na "inka konchem" yake, utakuwa na chakula cha kuongezewa kwa furaha, na ukishiba lile neno la pili unalijua.

Sijui kama mama yako atakubali mwanamke mwingine asimame kwenye jiko lake wiki ya harusi ya mwanawe. Mwanzo usimwambie habari ya pilipili. Mwambie habari ya saa tisa za usiku, yote, kama ulivyoniandikia mimi, maana barua yako haisemi popote kama uliwahi kumsimulia. Kisha muulize kama angependa kumwonyesha mgeni mbaazi za nazi.